Maji Yamerudi Kinamasini

Kamina, tarehe 3 Desemba 2025

Kwako Baba mpendwa, Mwalimu Manassé, Luena.

Pokea salamu nyingi katika jina la Bwana. Mgongo unaendeleaje? Kaka Jessé na mkewe hawajambo? Huku mimi na mjukuu wako Gloire tu wazima, tunakula, tunasali. Ningepiga simu, lakini tunajuana, Baba: ungenikatia kabla sijafika katikati. Barua haikatiki.

Habari kubwa ni hii: maji yamerudi kinamasini! Miaka minne vidimbwi vya kulowekea mihogo nyuma ya mtaa wetu vilikuwa vikavu. Wamama waliloweka ndani ya madumu nyumbani, siku moja badala ya nne, na bukari ya unga wake ikatoka chungu. Binti wa mama Dorothée, jirani yetu, akakakamaa miguu, na daktari akasema ni mihogo isiyolowekwa vizuri. Bado anatembelea fimbo. Niliapa asifuate mwingine.

Wote tulisingizia mvua. Mzee Umba, yule mkulima Mkatoliki wa ng'ambo ya kinamasi, akanicheka. “Mvua iko ile ile,” alisema. “Fuata mufereji ya baba yako, na miti yake ndiyo inakunywa maji.” Nilimnunia wiki nzima. Mfereji uliouchimba kufukuza mbu, na mikaratusi uliyoipanda kandokando, si mji mzima ulikusifu? Lakini mwalimu ni mwalimu. Nilichimba mashimo mawili na darasa langu la sita. Lile la karibu na mikaratusi lilikuwa vumbi mpaka kiunoni. Lile la mbali lilitoa maji kabla ya magoti.

Basi mwezi wa nane wamama wa Kipendano, chama cha wanawake wa kanisani kwetu, walishuka na majembe, na Wakatoliki wa Mzee Umba wakaja na mashoka. Mfereji tuliuziba kwa magunia ya udongo. Mikaratusi ikalala yote. Mvua za Oktoba zilipofika, maji hayakukimbilia tena nyumba za bondeni, yalitulia, yakatandaa. Leo mafunjo yanachipua, kambale wamerudi bila kuitwa, na vyura wanampigia pasta kelele katikati ya mahubiri. Mihogo ya kwanza ilipotoka, laini na nyeupe, tulicheza mpaka Dorothée akapoteza kiatu matopeni. Tumeshinda, Baba!

Sasa kaa chini. Kabla ya kazi hiyo, katika mkutano wa parokia yetu, waliuliza nani atathubutu kugusa miti ya Mwalimu Manassé. Nikasimama, nikasema umeniandikia: umekiri ulikosea, miti ikatwe. Hukuniandikia neno. Hata sikukuuliza, kwa sababu jibu lako nililijua. Nilidanganya kwa jina lako, mbele ya pasta. Kwa uongo huo naona haya. Kwa miti sioni.

Shida ni kwamba waliniamini. Sasa mji wote unasema hakuna mkubwa kama wewe, anayekubali kosa lake. Jumapili ya tarehe 14 watabariki maji, na wanataka usimame ukingoni useme neno.

Njoo, Baba. Ukitaka, useme ukweli mbele ya wote, nami nitapiga magoti papo hapo. Lakini kwanza uyatazame maji, kisha uamue mwenyewe kama maneno niliyokusemea bado ni uongo.

Unisalimie wote wa nyumbani, na Bwana akulinde njiani.

Ni mimi binti yako,
Julie