Kikohozi Ulichonificha

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa mbali, kama ulivyonizoesha. Tangu ututoke mwaka huu wa 2015, nyumba yetu ya Nyakitonto ina wageni wengi, na kila mmoja anakohoa atakavyo. Nikiwasikia nakukumbuka wewe, ambaye hukutaka nikusikie hata mara moja.

Ulikuja kwetu masika ya 2013 kumhudumia mwanao Yustina, mke wangu, alipojifungua mtoto wetu wa pili. Mimi mwalimu mgeni, nimeletwa huku na serikali kutoka Lushoto, lakini ukwe wa kwenu nilikuwa nimeshafundishwa: nisikupe mkono, nisile mbele yako, nisikutazame usoni. Nikiingia uani, unajifunika kitenge. Tulisalimiana ukuta wa jikoni ukiwa katikati, na mimi nikajiona mkwe mwema. Kumbe nyuma ya ukuta ule ulikuwa unauma pindo la kitenge ili kikohozi kisitoke, maana mama wa kwenu Munanila hamkoholei mkwewe. Yustina akikuuliza, unamjibu, "Ni moshi wa kuni tu." Moshi gani huo, mama, unaomkondesha mtu mpaka nguo zinamvuka?

Siku uliyoshindwa kumbeba mjukuu wako, ulikaa chini mlangoni, mabega yanapanda na kushuka, maneno hayatoki. Yustina alikuwa bado kitandani na uzazi wake. Elia, mwanao wa kiume, alikuwa kazini Kibondo. Nikakupeleka hospitali Kasulu mimi mwenyewe, na njia nzima ulikaa umenipa mgongo.

Daktari alikugongagonga mgongoni kwa vidole kama mtu anayepima pipa limejaa hadi wapi. Kisha akainua picha ya eksirei dirishani. Upande mmoja wa kifua ulikuwa mweusi, ndivyo inavyotakiwa. Upande wa kulia ulikuwa mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa.

"Ni maji," aliniambia. "Yamejaa kati ya pafu na mbavu. Pafu halina pa kutanukia. Tunayatoa sasa hivi."

Ilibidi ukae ukingoni mwa kitanda, mgongo wazi, umeinama mbele, na mtu akushike barabara. Ukishtuka sindano ikiwa ndani, inaweza kulitoboa pafu. Muuguzi alikuwa mmoja, na mikono yake ilihitajika kwenye chupa na mpira. Mama wa kitanda cha jirani alijitolea, akaja amekunja mikono ya gauni. Alipoona urefu wa sindano akasema, "Yesu wangu!" akakaa sakafuni. Nikabaki mimi.

"Tumsubiri Elia," ulisema, kila neno na pumzi yake.

"Yuko njiani," nikasema. "Mvua imeharibu barabara ya Kibondo."

Daktari alitazama kucha zako. Zilikuwa zimeanza kugeuka bluu. "Mama, huyo Elia atakuta nini?"

"Oya," ulikataa kwa lugha ya kwenu. "Mkwe hawezi kuona mgongo wangu. Heri nife."

"Hapa hakuna mkwe, mama," muuguzi alisema. "Kuna mgonjwa na ndugu yake."

"Wewe huna mkwe?" ukamuuliza. Hata kwa nusu pumzi ulikuwa na mdomo.

Sikucheka. Nilikasirika, nakwambia wazi. Niliikasirikia mila, nikakukasirikia na wewe. Yustina alikuwa nyumbani anasubiri habari, na mtoto mchanga kwenye titi. Nirudi nikamwambie, 'Mama yako amekufa kwa heshima'? Hasira hiyo ndiyo iliyonifanya nichukue kitenge chako pale kitandani nikajifunika mimi, kichwa chote, nikakifunga nyuma ya shingo.

"Mama, sioni kitu," nikasema. "Muuguzi, nisogeze."

Nilisimama gizani nikidhani umekataa. Kisha nikahisi mkono wako begani, halafu wa pili, halafu kichwa chako kikaegemea kifuani pangu, kizito. Hatukuwahi kugusana kabla ya hapo.

Mengine yote niliyasikia tu. "Nasafisha." "Hii ya ganzi, itauma." "Sasa usitikisike, mama. Na usikohoe kabisa." Kucha zako zilizama mabegani mwangu. Maji yalianza kudondoka chupani, taratibu mno, na daktari akasema hayatolewi kwa pupa. Moyo wako ulikuwa unakimbia. Kikohozi kikaanza kupanda, nikakihisi kinatetemeka mbavuni mwako. Ukakimeza. Kazi hiyo ulikuwa umeifanyia mazoezi nyumbani kwangu.

"Nimechomoa," daktari alisema. "Sasa vuta pumzi ndefu ukohoe, pafu lifunguke."

Hukukohoa.

"Kohoa, mama! Kohoa!"

Mwili wako ulikuwa unatetemeka wote, pumzi haiingii wala haitoki. Nilijua unanifia mikononi. Kisha nikaelewa. Unakufa kwa sababu nipo.

Basi nikakohoa mimi. Kwa nguvu, bila adabu, kama mzee wa tumbaku. Nikarudia. Mara ya tatu ukanijibu, kikohozi kirefu kilichotoka tumboni, kikalowesha shati langu, kikafuatwa na kingine. Halafu ukavuta pumzi. Iliingia yote, mama, ikaenda mpaka chini, na mimi nikalia ndani ya kitenge chako.

Elia alifika matope mpaka kiunoni, akanikuta bado nimejifunika. "Shemeji," akasema, "umeolewa?" Ulicheka, ukakohoa tena. Vipimo vikasema ni kifua kikuu, ukaanza vidonge vya miezi sita, ukavimaliza.

Nilidhani kati yetu ukuta umeanguka. Ulipopona, nilipokuja Munanila ukajifunika upya, ukanisalimia ukiwa jikoni. Iliniuma. Yustina akaniletea jibu lako: "Kule ilikuwa hospitali. Huku ni nyumbani."

Sasa umeondoka kwa maradhi mengine, ya ghafla, hata gari halikuwahi kuitwa. Msibani nilikaa na wakwe, mbali, tukapasua kuni. Kabla ya kufunika jeneza Elia alikuja akanishika mkono. "Njoo umwone mama. Wewe tunakuruhusu."

Nilikataa. Wao waliniruhusu, lakini wewe hukuniruhusu. Uso wako siujui vizuri hadi leo, na watoto wakiniuliza bibi alifananaje, nawatuma kwa mama yao. Mimi najua uzito wa kichwa chako, na najua ile pumzi ilivyoingia.

Lala, mama. Sikukutazama.

Mkweo,
baba wa wajukuu zako