Picha ya Mishipa ya Nekesa

Mwiki, Ruiru

Mayi, mama yangu mpendwa,

Mulembe sana. Goti lako linaendeleaje, na mvua imewafikia? Mimi ni mzima, kazi ya kiwandani Thika bado iko. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu chumba chetu ni kimoja na Nekesa husikia kila neno. Habari yenyewe ni yake.

Ule mkono wa kushoto wa mdogo wangu, tuliodhani umechoshwa na cherehani, si uchovu. Daktari alitafuta mpigo kwenye kifundo cha mkono akaukosa kabisa. Mishipa mikubwa inayotoka kwenye moyo imefura ndani. Dawa zake ni kali, na daktari hawezi kuziongeza kabla hajajua kama huo uvimbe bado unawaka au yamebaki makovu tu. Ndiyo maana anataka picha. Mtu anadungwa sukari yenye dawa, penye uvimbe panaifyonza haraka, panang'aa kwenye mashine. Lakini lazima aende na njaa, kwa maji matupu.

Siku tuliyongoja sana ilipofika, akina mama wa kanisa walikuja kutuombea kabla hatujatoka. Nikatoka kuita teksi. Huku ndani Nekesa akashikwa na kizunguzungu, na Mama Njeri, jirani yetu, akamkorogea glukosi kikombe kizima. Unajua vile mgonjwa hatembelewi bila glukosi.

"Ngai! Si nilijua hicho si chakula?" akaniambia baadaye. "Ni maji tu ya nguvu!"

Hospitalini walipima damu, wakakuta sukari imepanda, wakaturudisha nyumbani. Sukari ya kikombe ingeizuia ile ya dawa, picha ingetoka lakini isingesema kitu. Sasa Mayi, ningemgombeza nani? Mama Njeri alilia kutushinda.

Siku nyingine hatujapewa, tunaambiwa tungoje simu. Nikirudi kazini namkuta ameketi tu, nguo za watu zimerundikana. Akisimama macho yanaingia giza. Hospitalini nauliza, nabembeleza, nakasirika, na hakuna kinachobadilika. Nimeshindwa, Mayi.

Nisalimie nyanya kukhu, mjomba Barasa anayetuchungia ng'ombe, na mke wa kaka anayekupikia.

Nekesa alinituma nikuambie amepona. Ukimpigia, tafadhali mshukuru Mungu kwa sauti, kama mtu aliyeyaamini maneno yake.

Mwanao,
Wafula