Ukifika Kwenye Jina Langu

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Maharage yameiva, bado kuungwa. Kitunguu kimoja kinatosha, usikatekate vitatu kama siku ile. Sare ya bintiyo iko kwenye kamba. Kabla hujaianua, gusa mfuko, huwa unabaki mbichi.

~~Kuhusu asubuhi ya leo sina la kusema.~~ Ninalo.

Jana nilikufokea kwamba kila ukisali jikoni maziwa yanafurika, na wa kusugua jiko ni mimi. Nikakwambia, "Sali macho wazi, baba, Mungu hatachukia." Ukacheka. Leo umetii. Nilikuwa mlangoni navaa viatu, nikasikia yote. Umemwombea mama yako, ukawaombea watoto, hata yule jirani wa redio ya usiku kucha umemtaja bila haraka. Ulipofika kwangu maziwa yakapanda, ukasema, "Na mke wangu, amina," ukaipua sufuria.

Jiko ni safi, nimelikagua. Nilitarajia kufurahi, sikufurahi.

Kumbe maziwa hayafuriki kwa sababu sala yako ni ndefu. Yanafurika kwa sababu ukifika kwenye jina langu huwa unakawia. Miaka yote hii nimekuwa nikisugua ushahidi na kunung'unika juu yake.

Kesho fumba macho kama kawaida yako, na usiniruke. Sufuria nitaisimamia mimi.

Mama watoto