Kinga Yako Imefika Kibuye

Papa Sifa,

Kaa vizuri, kama huko muko na viti, kwa sababu leo sikuandikii kilio. Kilio nilimaliza. Leo nakuletea habari ya kinga, ile baiskeli yako nyeusi uliyokuwa unaipangusa kila Jumamosi kuliko ulivyowahi kupangusa viatu vya watoto wako. Imefika Kibuye, ule muji wa ng'ambo kando ya ziwa. Haikubebwa na motokari, haikuendeshwa na mwanaume. Niliiendesha mimi, na goti langu hili la kushoto ambalo ulikuwa unasema linalia kama mulango wa kanisa.

Soma pole pole, na mimi naandika pole pole. Shule niliacha darasa la tatu, herufi nimezimalizia uzeeni kwa wamama wa parokia. Ukiona kosa, sahihisha kimya kimya. Usianze.

Nikuambie kwanza mambo ya hapa. Mutaa wetu wa Birere ni ule ule, makelele na matope. Ndege hazitui tena, kwa hiyo hakuna wa kutuamsha, na wewe uliyekuwa unazitukana kila asubuhi ungekosa kazi. Sifa amejifungua mutoto wa tatu, amemupa jina lako, na mutoto ana kichwa chako, maskini. Mimi niko. Miezi ya kwanza nilikuwa napika chakula cha watu wawili na kukasirikia sufuria. Sasa napika cha mutu mumoja.

Halafu siku ya kumaliza kilio ikafika. Familia yako yote ikashuka kutoka Masisi, wakakaa kwenye viti vya kukodi, wakanywa. Mudogo wako Bahati akasimama, akajikohoza kama mubunge. Akasema zamani mwanaume akifa, mukuki wake unaenda kwa mudogo wake. Babu alirithi mukuki, baba yenu alirithi shoka, na yeye Bahati leo anachukua kinga ya kaka yake, maana kinga ni kitu cha mwanaume na ikibaki kwa mwanamuke itaoza. Wazee wote wakatikisa vichwa. Mutu mumoja alikuwa ameishaanza kuitoa nyuma ya nyumba.

Papa Sifa, koti lako nilitoa. Kofia nilitoa. Hata redio, sikusema neno. Lakini nilipoona gurudumu linazunguka kwenda mulangoni, miguu yangu ilisimama kabla ya akili. Niliwaambia mukuki ni wa anayejua kuutupa, na kinga ni ya anayeiendesha. Bahati akacheka, akaniuliza nani ataiendesha, mimi? Nikasema ndiyo, mimi.

Walicheka mupaka muke wa Bahati akamwaga bia. Bahati akafuta machozi, akasema hivi, nakumbuka kila neno: "Mama Sifa, fika Kibuye na hiyo kinga, njia ile ile aliyokuwa anapita kaka. Ukifika, ni yako. Ukipanda kitu cha mafuta hata hatua moja, unaniletea mwenyewe, umeiosha."

Nikasema sawa. Sikuwa nimewahi kuendesha kinga hata siku moja.

Nyamaza, najua unachotaka kusema. Na kosa ni la nani? Miaka thelathini na nane nakuambia nifundishe, unasema mwanamuke hatawanyi miguu mbele ya watu. Nilikaa nyuma yako kwenye chuma cha mizigo kama gunia la makaa, napanguswa na upepo wa mugongo wako. Nilijifunza na miaka sitini na minne, kwenye kiwanja cha kanisa, baada ya misa ya asubuhi, suruali yako chini ya kitenge. Mawe ya volkano hayana huruma. Nilianguka mupaka padri akaniuliza kama ni nadhiri. Wiki ya tano nikazunguka kanisa mara tatu bila kuanguka, na wamama wa kwaya wakapiga vigelegele kama siku ya harusi. Wewe siku ya harusi yetu hukupigiwa vile.

Na ile karatasi, Papa Sifa. Niliikuta ndani ya kitabu chako cha nyimbo. Nilifikiri ni deni la mutu, kumbe ni njia. Umeandika kwa mukono wako wa ugonjwa, herufi zinaanguka upande: Gisenyi, Nyamyumba, Kinunu, mupaka Kibuye, na kila mahali umeweka jambo la kufanya. Juu kabisa umeandika: Konje ya Mama Sifa. Ile konje, likizo uliyoniahidi tukioana, kwamba utanipeleka kwa kinga kando ya ziwa, mahali ulikozunguka ujana wako. Kila mwaka kulikuwa na sababu. Vita, volkano, mimba, ukosefu wa mupira wa ndani. Nilikuwa nimeisamehe hiyo ahadi. Kumbe wewe ulikuwa umelala kitandani unaiandika, na hukuniambia. Ulikuwa mutu mugumu sana, wewe.

Bahati alituma shahidi ili nisidanganye. Akamutuma dada yenu Feza, na kinga ya mutoto wake. Feza anaendesha tangu mudogo, unajua alivyokulia katikati yenu wanaume. Tulitoka asubuhi, tukafika barieri ndogo ya mupakani. Askari wa kule ng'ambo akaangalia nyuma ya kinga yangu, akaangalia ya Feza, akauliza bidhaa iko wapi. Nikamwambia hakuna bidhaa. Akazunguka tena. Mwanamuke wa Birere anayevuka bila ndoo, bila vitenge, bila hata nyanya moja, hajawahi kumuona. "Sasa unaenda kufanya nini, mukecuru?" Mukecuru ni mama muzee kwa luga yao. Nikamujibu naenda konje. Akamuita mwenzake aje kuniangalia.

Gisenyi tulipita chini, kando ya maji, kwenye zile nyumba za zamani za wakoloni zenye veranda ndefu. Umeandika: angalia, usitamani. Nilitamani kidogo. Nyamyumba umeandika tuweke miguu kwenye maji ya moto yanayotoka chini ya ardhi, na Feza akaniambia ulikuwa unachemsha mayai pale, unayala peke yako bila kuwapa wenzako. Hiyo hukuiandika.

Tulilala kwa masista. Asubuhi tukakutana na wazungu wawili wenye kinga zao, bwana na bibi, wamevaa kofia kama nusu ya tikiti maji, wamesimama kwenye njia panda wanageuza telefone juu chini. Telefone ilikuwa imekosa reso, mutandao haupo. Nikatoa karatasi yako. Umeandika: penye mikaratusi mitatu, fuata kushoto, ya kulia inaishia kwa mutu mukali. Ile mikaratusi imekuwa miwili, lakini njia ni ile. Tukawaonyesha kushoto. Yule bibi akapiga foto ya karatasi yako, akaweka mukono kwenye kifua. Umesaidia wazungu na wewe umekufa. Sasa utajisifu mupaka malaika wachoke.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo penyewe.

Baada ya Kinunu, kwenye mashamba ya kahawa, kuna muteremuko. Umeandika neno moja tu: Pole pole. Ungeandika zaidi. Nilikuwa natelemuka, ziwa chini kulia linameta, najisikia kama musichana, na nikafinya freni ya mukono. Waya ukakatika. Nikafinya ya pili. Hiyo ilikuwa mapambo tu, wewe ulijua na hukuitengeneza. Kinga ikaanza kukimbia na mimi. Feza nyuma anaita Yesu na mama yake.

Unakumbuka kile kipande cha tairi ulichofunga juu ya gurudumu la nyuma? Ulianza maisha na chukudu, unatelemusha viazi kutoka Kibati juu ya mbao na magurudumu mawili, na freni ya chukudu ni mupira unaoukanyaga na muguu, basi. Uliponunua kinga hukuamini freni za duka. Ukafunga mupira wako wa chukudu pale nyuma, na mimi nikakucheka miaka thelathini. Nilikuambia unanitia aibu, umevalisha bibi harusi ndala. Nilitaka kuukata na kisu siku ile ya matanga, ili kinga ionekane safi mbele ya watu. Kisu kilikuwa butu.

Nilirudisha muguu nyuma, nikaukanyaga na kisigino, na uzito wangu wote, ule uliokuwa unausema. Ukalia. Ukatoa moshi. Kandambili yangu ikayeyuka, nikaendelea kukanyaga. Kinga ikapunguza, ikapunguza, ikaingia kwenye majani ya mutu, ikasimama kama punda aliyechoka.

Nilikaa pale chini. Nilitaka kukutukana, nikakuta machozi, halafu nikakuta kicheko. Feza akafika, akanishika kila mufupa kama anahesabu mbuzi. Wote wapo.

Mbele yetu kukabaki mulima mukubwa kuliko yote, na kandambili moja. Ndipo ikaja kamioneti ya kahawa, dereva mutu muzuri, akasimama, akasema wamama pandeni, nafika karibu na Kibuye, kinga nazifunga juu. Papa Sifa, nilitaka. Sikufichi. Goti lilikuwa limevimba kama papai. Na Feza, shahidi mwenyewe, dada wa Bahati tumbo moja, akaniinamia kwenye sikio: "Panda, Mama Sifa. Mimi sikuona kitu."

Niliangalia ule mupira wako. Ulikuwa umeisha nusu, unanuka. Nikaona siwezi kuja kukuambia umenishikilia kwenye muteremuko halafu mimi nikakuacha kwenye mupando. Nikamwambia dereva Mungu amubariki, aende. Akaenda. Tulikaa tunasikiliza sauti yake mupaka ikaisha, na Feza akasema nina kichwa cha jiwe, sasa anaelewa kwa nini ulikuwa unachelewa kurudi nyumbani. Halafu akavua kandambili yake moja, akanipa.

Tulisukuma, mimi na kandambili mbili, yeye na moja, nusu ya siku. Wamama waliokuwa wanachuma kahawa walituimbia kutoka juu. Mumoja aliuliza tumefiwa au tumeolewa. Feza akajibu: "Huyu amefiwa, lakini leo anaolewa tena na baiskeli." Nilicheka nikakaa chini tena.

Kesho yake, jua likiwa katikati, tulizunguka kona na Kibuye ikatokea. Wewe uliiona mara nyingi, mimi sikujua kama maji yanaweza kuwa na vilima ndani yake. Visiwa vimelala kama ng'ombe wanaocheua. Sikushuka. Nilipita mujini nimekalia kinga, kitenge kimepanda, goti nje, napiga kengele hata kwa mbuzi. Watu walisimama. Mimi sikuangalia pembeni, niliangalia mbele kama askofu.

Kwenye lile kanisa la mawe juu ya rasi tuliombea waliouawa ndani yake na kuzikwa pale. Ni wengi. Kuhusu hilo sisemi zaidi, wewe unajua.

Halafu nikampigia Bahati. Akasema aloo. Niliweka telefone karibu na kengele, nikapiga mara tatu, kama ulivyokuwa unapiga ukifika nyumbani. Nikasikia anapumua. Mwisho akasema, "Hiyo ni kengele ya kaka." Nikamwambia hapana, shemeji, hiyo ni kengele yangu.

Tulirudi na boti, maana patano lilikuwa kufika, na mimi si mujinga. Kinga ilikaa mbele ya boti, abiria wakaipishia nafasi. Na nani alikuwa barieri anatungoja? Bahati. Ameshika waya mupya wa freni, maana Feza alimupigia telefone, anauzungusha mukononi. Akaipokea kinga, nikafikiri anaichukua. Akapiga goti moja mbele ya watu wote wa Birere, akafunga waya, akajaribu freni, akainuka. Akaniuliza kama ule mupira wa nyuma autoe, umeisha. Nilimuangalia tu. Akasema sawa, sawa, ataleta mupya. Sasa bibi yake, yule aliyemwaga bia, anakuja kiwanjani baada ya misa. Anaanguka vibaya. Ninamukaripia kama wewe ulivyonikaripia, lakini mimi nashika kiti nyuma mupaka azoee.

Papa Sifa, mustari wa mwisho wa karatasi yako nilikuwa siusomi. Njia yote nilikunja ile karatasi ili usionekane, kwa sababu niliuogopa. Niliufungua pale Kibuye, juu, penye maji. Umeandika: Hapa Mama Sifa ashuke, aangalie ziwa mupaka atosheke. Mimi nitashika kinga.

Feza alitaka kunisaidia, nikakataa. Nilishuka. Niliangalia ziwa mupaka nikatosheka, na hiyo ilichukua muda, watu walikuja wakaenda. Mukono wangu ulikuwa kwenye usukani, pale ambapo ngozi ya kushikia imelainika kwa mukono wako.

Basi, lala. Usinihangaikie tena, na usimuhangaishe mutu yeyote huko na habari za mikaratusi. Nakuahidi kila Jumamosi nitaipangusa, na siku yangu ikifika haitafuata njia ya mukuki wala ya shoka, itaenda kwa mutoto wa kike wa Sifa, na mupira wake wa chukudu nyuma. Mupaka siku hiyo, pumzisha mikono. Kinga nimeshika mimi.

Wako,
Mama Sifa