Samli ya Shangazi Zuhura

Jumatatu, 3 Juni
Nimesahihisha madaftari ya darasa la sita, nimepika, nimeosha vyombo. Kisha shangazi Zuhura akapiga simu. Mgeni anakuja Ijumaa. Baba yake Bibi Hawa, bibi yangu mzaa baba, alikuwa Myahudi wa Adeni, mnunuzi wa nta, akaoa katika kijiji cha Kitaya. Huyo mgeni, Daudi, ni mjukuu wa kaka wa Myahudi huyo. Anataka kuonja chungu cha Ijumaa, chakula cha ukoo. Shangazi ndiye atakayepika. Yeye!

Jumatano, 5 Juni
Hasira tupu. Bibi alikuwa akiinjika chungu hicho Ijumaa jioni: nyama, kunde, ngano, mayai na maganda yake, tui la nazi. Kinalala kwenye makaa na majivu hadi Jumamosi mchana, maana baba yake alimwambia Jumamosi moto hauwashwi. Alipozeeka akahamia Shangani kwa shangazi. Shangazi akakiita uchafu, chakula kilicholala. Akakimwaga uani, majirani wanatazama. Bibi hakugusa jiko tena mpaka tunamzika. Simsamehe.

Ijumaa, 7 Juni
Mgeni kafika. Mzee mpole. Kiswahili hajui, mkalimani ni mimi. Shangazi akaanza:

"Mwambie, mwanangu, mama nilimtunza mwenyewe. Mapishi yote kaniachia mimi."

Nikatafsiri neno kwa neno. Ulimi uliniwaka.

Jioni nikamkuta shangazi anatia samli kwenye nyama. Bibi asingethubutu. Nyama na maziwa havikai chungu kimoja, ndiyo sheria ya kwanza ya Kiyahudi aliyonifundisha, na samli ni maziwa. Ndiyo maana alipikia tui. Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Acha ampakulie. Mgeni atasukuma sahani mbele ya ukoo mzima, nami nitaulizwa kwa nini. Nitaeleza polepole, tena nitaanzia pale uani. Atakiona cha mtema kuni.

Nina furaha mbaya.

Jumamosi, 8 Juni
Ukoo wote mkekani. Daudi akanusa, akauliza harufu ile ni ya nini. Nikamjibu wazi: samli, maziwa ya ng'ombe.

Akacheka. Kwao mambo hayo baba yake aliyaacha zamani. Akala. Akaongeza. Akambusu shangazi mkono.

"Mwambie karibu tena. Ajue mkono wa mama haujafa."

Nikatafsiri. Nilitamani kummwagia chungu chote kichwani.

Jumatatu, 10 Juni
Mgeni kaondoka asubuhi. Shangazi kamtuma bodaboda na bakuli la kilichobaki. Nikakipasha moto. Nilikuwa na njaa, nikajiambia chakula hakina kosa. Nikalifikisha tonge mdomoni, nikalirudisha. Tena. Si hasira, hasira ningeijua. Sikuweza tu. Shangazi sheria hakuijua, Daudi kwao waliitupa, na mimi niliyeitaka iwe fimbo ndimi iliyenishika.

Mume wangu kala lote, kasema tamu. Mimi nimekula muhogo kwa chumvi. Mvua kidogo imenyesha.