Chupa ya Seleniamu

Jumatatu, 9 Novemba
Nimekagua panya weupe wa maabara asubuhi, kama kawaida. Wa upande wa dirisha, wanaokunywa maji yenye seleniamu: kivimbe kimoja tu. Wa upande wa ukuta, wa maji matupu: karibu kila kizimba kina mwenye kivimbe. Wote walipewa sumu ile ile inayoleta kansa. Dokta, mwenye utafiti huu, angefurahi. Lakini Dokta alivukia Bujumbura vita ilipoanza, na mpaka umefungwa. Nimebaki na panya wake na daftari lake.
Chupa ya seleniamu imepungua. Nimeipima mara mbili. Hali hii siipendi.

Alhamisi, 12 Novemba
Imepungua tena. Jumatatu niliichorea mstari wa penseli. Leo dawa iko chini ya mstari, na mimi sikuigusa.
Wenye ufunguo tuko wawili: mimi na Papa Anselme, sentineli, mlinzi wetu. Mtu wa kijiji cha Kiringye, miaka mingi hapa kazini. Siku hizi hanitazami machoni. Anaondoka na bidoni, dumu dogo la njano, ameifunga kitambaa. Nilimuuliza ina nini.
"Maji ya kunywa, Mama Neema."
Nani anabeba maji kutoka kazini, wakati bomba la mtaa wake linatoa maji?
Seleniamu ni madini; mwili unaihitaji, lakini kidogo sana. Ikizidi, inaua. Na askari wa bariyeri, kile kizuizi cha barabarani, wanachota maji kwenye pipa letu la uani. Nimeliwaza pipa hilo siku nzima.

Jumamosi, 14 Novemba
Jirani ananiambia mdogo wake Anselme ameonekana milimani Bijombo, na watu wa bunduki wanaopigana na askari hawa. Jirani huyo anasema mengi. Hili nimeliamini.
Askari mmoja akiumwa tumbo, watatuchoma sote humu ndani.
Namchukia Anselme. Nimeandika neno hilo makusudi.

Jumanne, 17 Novemba
Nimefanya. Nilikwenda mwenyewe kwa komanda wa bariyeri.
"Kuna sumu inapotea mu laboratwari."
"Nani iko na ufunguo?"
Nikataja jina. Walimchukua saa nne asubuhi, mbele ya vizimba, ameshika ufagio. Alinitazama.
Nilijisikia salama. Labda kwa saa moja.

Jumatano, 18 Novemba
Nilikwenda kwake kutafuta ile bidoni. Nilitaka ushahidi. Mke wake, Veneranda, alinifungulia. Kitambaa cha kichwa kimelegea, nywele zimenyonyoka vipande vipande. Kucha mbili hana. Akasema karibu, na pumzi yake ikanifikia. Kitunguu saumu.
Harufu hiyo naijua. Siku moja nilikosea kipimo, kizimba kizima kikanuka hivyo. Manyoya yakatoka. Halafu wakafa.
"Umekula saumu, mama?"
"Hata. Iko dawa yangu. Anselme ananiletea."
Akafungua blauzi. Titi la kushoto. Kivimbe kigumu, kikubwa kama limau.
"Anasema panya zako zenye kunywa hii haziote vivimbe."
Nilikaa chini, sikuombwa. Nikamweleza. Kwa panya tu, na kidogo sana, na inazuia kabla kivimbe hakijaota. Chako kimeshaota. Na hii unayokunywa inakuua. Alinisikiliza mpaka mwisho.
"Minye nilijua hainiponyeshe," akasema. "Lakini yeye alikuwa anafurahi nikikunywa."
Bidoni niliimwaga chooni. Nimeona aibu.

Ijumaa, 20 Novemba
Jana nilikwenda kwa komanda kumwombea Anselme, wakanifukuza getini. Leo nimeingia. Nimedanganya: nimemwambia komanda nilikosea kupima, hakuna sumu iliyopotea. Nikamwonyesha daftari ambalo hawezi kulisoma.
"Weye mama unatuchezea? Kesho tungemuua huyu muntu!"
Amenitukana mbele ya askari wake wote. Sawa.
Wamemtoa. Sikio limevimba, mguu mmoja anauburuta. Njiani nimemwambia kuhusu dawa na nywele za mkewe. Amesimama katikati ya barabara na kulia kwa sauti, watu wanaangalia. Halafu akanishukuru kwa kumtoa.
Akanishukuru.

Jumanne, 24 Novemba
Chupa nimeifungia sandukuni, ufunguo nimeuvaa shingoni. Panya watatu wa upande wa ukuta wamekufa. Nimeandika daftarini.
Nimepata habari kuna muganga mpasuaji kwenye hospitali ya wamisionari, kusini mwa mji. Nimekwenda kumwona, nikaongea naye Kifaransa, nikamwambia yote, hata la seleniamu. Amesema mleteni.
Bado nashtuka nikisikia viatu vya askari. Kila mtu namwona kama mtu wa kwenda kusema jina langu. Nadhani ni kwa sababu mimi nilikwenda.

Jumapili, 29 Novemba
Veneranda ameingizwa chumba cha upasuaji baada ya misa. Muganga hakuahidi kitu.
Tumebaki benchini, Anselme na mimi. Nimemwambia. Nilisema haraka: ni mimi niliyekutaja.
Anselme alitazama mlango wa upasuaji.
"Nilijua. Walinitajia jina lako siku ya kwanza."
"Sasa mbona ulinishukuru?"
"Bibi yangu alikuwa anakufa, na ni weye unajua kuongea na waganga."
Naandika hapa hapa, kwenye magoti. Tuko benchi moja. Hajasogea karibu, hajasogea mbali. Mlango bado umefungwa.