Jina la Bibi Mzaa Mama

Azaiba, Maskati
Mfungo Mosi, siku ya nane

Kaka yangu Suud,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nnamuomba Mola barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Khulood na watoto, na lile goti lako liwe limekubali kusujudu bila ya kiti. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Funga sita za sunna nimezimaliza jana. Joto limewahi mwaka huu, hata bomba la maji baridi linaunguza. Shemeji yako Maan anakusalimu sana, anasema safari hii ukija uje na karafuu na mbata, usije na maneno matupu kama safari ile.

Najua utashangaa kuona karatasi badala ya sauti yangu kwenye simu. Balqis aliponiona nnanunua bahasha alicheka, akaniuliza mama, tumerudi enzi ya nani? Mwache acheke. Kwenye simu wewe hunikata maneno, na mimi nikikatwa hupata kisingizio cha kunyamaza. Nililonalo leo lataka kusemwa mpaka mwisho.

Kaka, unaikumbuka siku tuliyomzika mama. Wewe ndiye uliyekwenda Amerat makaburini, sisi wanawake tulibaki ndani na misahafu. Uliporudi, kanzu bado ina mchanga, ulinihadithia kwamba ilipofika talakini, ya kumkumbusha maiti majibu yake, sheikh alikuuliza mama yake marehemu akiitwa nani, apate kumwita kwa jina la mamake kama ilivyo ada yetu. Ukawatazama watu, na watu wakakutazama wewe. Maisha yetu yote mama alisema “mama yangu” tu, na sisi hatukuwahi kumuuliza. Sheikh akasema hapana neno, sote ni wana wa Hawa, akamwita Halima binti Hawa. Ulilia, kaka. Mtu mzima wa miaka khamsini na kitu, ukaniambia kwamba umemzika mamako kama mtu aliyeokotwa njiani. Maneno yale yaliniingia na hayajatoka mpaka leo.

Na kuna jengine sikukwambia. Ule mwaka wake wa mwisho, akili yake ikija na kuondoka, kila nikimaliza kusali adhuhuri alikuwa akinitazama kutoka kwenye kiti chake na kuniuliza kama barua nimeipeleka posta. Nyote mlisema ni maradhi ya uzee, barua gani tena siku hizi. Mimi nikimjibu, nimeipeleka mama. Akitulia. Kesho yake akiuliza tena.

Baada ya arubaini nikaanza kumsikia. Simuoni, na simsikii akisema kitu. Nikiwa kwenye tahiyatu tu, upande ule wa kiti chake, nasikia pumzi ikivutwa kama mtu anayetaka kuuliza, kisha haulizi. Nilikitoa kile kiti, nikampa jirani. Pumzi ikabaki. Nikamuuliza ustadha wetu wa darsa. Akaniambia maiti harudi, mimi nisome Yasin na nimtolee sadaka, kisha akaongeza kwamba kama kuna haki ya marehemu imebaki kwangu, niitazame. Yasin nilisoma. Sadaka nilitoa. Ile haki niliikimbia.

Ndipo Balqis alipoanza kudadisi. Wewe unajua watoto wangu wamekua wakiamini bibi yao ni Mturuki. Na unakumbuka Uturuki ule ulivyoanza mwaka wa themanini na saba, siku tuliyoshuka hapa kutoka Unguja. Hata mizigo haijatoka, shangazi Zakiya keshamshika baba mkono, anamwambia huku watu wanakuuliza asili yako kabla ya jina lako, na ukisema mkeo umemtoa kwa wakomunisti wasio na Mungu, huyu Hamdiya wako, ndiyo mimi, atakuozea ndani bila ya mume. Sema Mturuki, uso anao. Baba, na masomo yake yote ya injini za meli aliyoyapata Odesa, akanyamaza. Mama mwenyewe hakuambiwa kitu mpaka wageni walipoanza kumsifia Istambul. Alicheka sana. Na ile supu yake ya bitiruti na kabichi ikawa ndo mchuzi wa Kituruki mpaka kufa kwake.

Basi vita vya Yukreni vilipokuwa kwenye televisheni kila siku, nikamwambia Balqis kweli, kwamba bibi yake alikuwa Myukreni, alipozaliwa aliitwa Halyna, na Halima ni jina la shahada yake, aliposilimu. Mtoto akaniuliza, kwa hivyo mchuzi wa Kituruki? Nikamwambia ndiyo, hata huo. Akacheka mpaka akalia. Siku ile ile akaanza kutafuta.

Kaka, kazi hii ina njia yake, nami sikuijua. Balqis alisoma kwenye mtandao kwamba anayetafuta wazee wake wa Yukreni asikimbilie huko, aanzie ndani ya nyumba yake. Akusanye majina yote, vyeti, pasipoti, maandishi ya nyuma ya picha. Na jina la nchi halitoshi, lazima ujue kijiji. Na majina uyaandike kwa herufi zao, kwa sababu ukiyaandika kama unavyoyasikia hutampata mtu. Tukalifungua sanduku la mama. Tukakuta pasipoti yake nyekundu, ndani imeandikwa Galina kwa Kirusi, na jina la pili lililotokana na la babake, Petro. Na kijiji: Verbivka. Balqis akapiga vigelegele peke yake. Haikupita saa akarudi kwangu uso umeshuka, anasema Verbivka ziko nyingi, mkoa huu na mkoa ule, na bila ya wilaya sisi ni sawa na mtu anayemtafuta Salim Maskati nzima.

Nilimwambia angoje. Siku ya pili nikampa bahasha. Nikamwambia nimeikuta ndani ya bitana ya sanduku. Akanibusu paji la uso.

Bahasha ile tulimpelekea Bi Irina, nesi wa zahanati ya meno anakotibiwa Balqis, mwenyewe ni wa huko huko. Mwanamke mnene, mcheshi, akaniambia kwa Kiarabu chake kibovu kwamba mimi nna pua ya shangazi yake. Alipoisoma bahasha kwa sauti akaacha mzaha. Mkoa wa Poltava, na wilaya yake, na kijiji. Na aliyeandikiwa: Yavdokha.

Hilo ndilo jina la bibi yetu, kaka. Yavdokha, mke wa Petro. Mama ni binti Yavdokha. Ukimuombea dua leo, mtaje hivyo.

Bi Irina akatuonyesha vitabu vya zamani vya vizazi na vifo, ambavyo idara zao za nyaraka zimevipiga picha na kuvitia mtandaoni, vile vilivyosalimika na vita. Majuma matatu Balqis akitoka kazini anakwenda kukaa naye. Wakamkuta bibi, amezaliwa mwaka elfu moja mia tisa na ishirini na nne. Wakakuta na kitabu cha vifo cha thalathini na tatu, mwaka wa njaa yao kubwa. Mimi nilikuwapo siku hiyo. Ukurasa mmoja, mwezi mmoja, ndugu wanne wa bibi, mdogo wao ana miaka miwili, mwandiko ule ule chini kwa chini. Bi Irina aliweka kidole kwenye kioo asisome mbele. Akasema bibi yako alikuwa na miaka tisa, na alibaki yeye. Nikawarehemu palepale. Sijui kama inafaa, Mungu ndiye mjuzi.

Sasa nakuja pale nilipokuwa nnazunguka tangu mwanzo. Ile bahasha sikuikuta kwenye bitana. Nilikuwa nayo. Miaka thalathini na zaidi nilikuwa nayo, imekunjwa ndani ya mtandio wangu wa harusi.

Tulipofika huku mama alimwandikia mamake kumpa anwani yetu mpya. Kiarabu hakukijua, hata mlangoni hakutoka peke yake, na mimi ndiye niliyekuwa nikipita posta ya Ruwi nikienda kujifunza taipu. Akanipa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na watu wa kina Maan wameshaanza kuniulizia. Nikafikiri, barua hii ikifika itajibiwa, na jibu litakuja na stempu za Urusi mpaka kwenye sanduku la posta linalofunguliwa na shangazi na wanawe, na Uturuki wetu utaishia hapo, na harusi yangu pamoja nao. Nikaichana. Mama akauliza, umeipeleka? Nikasema nimeipeleka. Miaka miwili alinipa nne. Tatu nilizichana. Ya nne ilikuwa nzito, ndani mna kitu kigumu, mkono ukakataa. Nikaificha.

Baada ya hapo hakuandika tena. Siku moja anachambua mchele aliniambia, bila ya hasira, kwamba watu wake wamemwacha kwa ajili ya dini yake, na kwamba yeye ameridhia, atawaombea. Mimi nilikuwa mbele yake, kaka. Nilikuwa nimeshika ungo upande wa pili. Ningeweza kusema. Nikaendelea kutoa mawe.

Na siku ile uliporudi makaburini ukilia, jina lilikuwa kabatini kwangu, hatua kumi kutoka pale ulipokaa. Herufi zake sikuzijua, lakini nilijua limo.

Bi Irina aliifungua. Kitu kigumu kilikuwa picha yangu na yako, tumesimama mbele ya nyumba yetu ya Malindi, huko Unguja, wewe umenikanyaga mguu. Na mama ameandika: mama, hii ya nne, kama umenikasirikia kwa sala yangu niambie, hata ndani ya sala hiyo nnakutaja.

Nilimwambia Maan usiku ule ule, nikingoja anitaliki au anipigie makelele. Alinitazama, akasema mamake alijua tangu wiki ya harusi, kwani amewahi kuishi na jirani Mturuki, na Mturuki gani yule asiyejua kupika kahawa? Walijua wote. Walinyamaza kwa heshima ya mama. Akacheka kidogo, kisha aliponiona akaacha. Kwa hivyo, kaka, zile barua nilizichana bure.

Kuna la mwisho. Mama ana mdogo wake yu hai. Anaitwa Lesia, ana miaka sabini na tatu, yuko kijijini hapohapo, umeme unakuja saa mbili kwa siku. Binti yake ameona tangazo la kuwatafuta alilolitia Bi Irina mtandaoni, akaleta sauti ya mamake kwenye simu ya Balqis. Sauti ni ya mama. Amesema bibi Yavdokha alikuwa akiandika Unguja, barua zinarudi, mpaka alipokufa mwaka wa tisini na tatu. Kisha ameuliza swali moja tu: sisi tulimkosea nini Halyna?

Balqis anataka kumjibu kwamba posta za zamani zilikuwa mbovu. Hajui niliyoyafanya. Nimemkataza. Kesho baada ya alasiri Bi Irina anakuja, nami nitasema kwa mdomo wangu, yeye afasiri neno kwa neno. Balqis atakuwa amekaa pale pale, naye atasikia. Lakini nimetaka karatasi hii iwe imeshafungwa kabla, kwa sababu haki ya kwanza ni ya mama, na ya pili ni yako wewe uliyesimama pale kaburini huna la kujibu.

Nnakuomba radhi, kaka yangu. Siombi haraka. Ukinisamehe, niandikie. Na usiponisamehe, niandikie vilevile, hata mstari mmoja wa kunilaani. Kimya tu usinipe.

Mfikishie wifi Khulood salamu zangu, na watoto wote mmoja mmoja, na jirani zetu wa Malindi waliobakia. Maan na Balqis wanakubusu mikono. Mwenyezi Mungu akuhifadhi na kila la shari, na atukutanishe na wazee wetu akiwa radhi nasi.

Nduguyo, mwenye kukuhitajia,
Hamdiya